Pakiti Iliyozidi Baiti Nane

Ofisi moja ndogo ya wanunuzi wa sangara, hatua chache kutoka Mwaloni Kirumba, iliniita kwa lalamiko ambalo kila fundi mitandao wa Mwanza amelizoea: mtandao upo, lakini haufanyi kazi. Karani alifungua tovuti bila tabu, akapokea barua pepe, akanitumia ujumbe wa mistari miwili ukafika papo hapo. Alipoambatisha picha za hati za mzigo, ujumbe ulikwama kwenye kutuma hadi programu ikakata tamaa. Taa za swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, zilikuwa za kijani, na ping, ujumbe mdogo wa kupima kama kifaa cha mbali kinafikika, ilijibu.

Hitilafu ya namna hii haieleweki bila kuyajua matabaka ya mtandao, yaani ngazi za kazi zinazopokezana data. Juu kabisa kuna programu, kama ile ya barua pepe. Chini yake TCP hukata data vipande, huvipa namba na kusubiri risiti ya vilivyofika. Kisha IP huandika anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, na kipande chenye anwani hizo ndicho pakiti. Na chini kabisa kuna kiungo chenyewe, kiwe kebo au Wi-Fi. Darasani hufundishwa muundo wa OSI wa matabaka saba, uliochapishwa mwaka 1984, nami sina ugomvi nao, ila intaneti tunayoitumia inafuata TCP/IP, ambayo mtandao wa ARPANET wa Marekani ulihamia tarehe 1 Januari 1983.

Kila tabaka hupokea kilichotoka juu, hakikifungui, hukiongezea kichwa chake, yaani maelezo ya kukielekeza, na kukishusha. Mzigo wa kwenda Nansio hupanda guta hadi gatini, meli hadi Ukerewe, kisha pikipiki hadi dukani, na jina la mwenyewe lililoandikwa juu ya boksi halibadiliki. Vivyo hivyo, anwani ya IP ya mpokeaji husafiri ilivyo, huku fremu, yaani bahasha ya kiungo iliyobeba pakiti, ikivuliwa na kuvalishwa upya katika kila ruta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine.

Sasa hesabu. Fremu ya kawaida ya Ethernet, kiungo cha kebo, hubeba baiti 1500. Kichwa cha IP huchukua 20 na cha TCP 20, hivyo data hubakiwa na 1460. Ofisi ile, hata hivyo, ilikuwa imeunganishwa kwa mtoa huduma kupitia PPPoE, njia ya kuingia kwenye mtandao wa mtoa huduma, ambayo nayo hudai baiti 8, na hivyo pakiti ya IP haikuruhusiwa kuzidi 1492. Kompyuta ya karani haikuwa na habari, kwa sababu tabaka la chini halimsimulii wa juu mambo yake. Ilijaza pakiti hadi 1500 na kuitia alama ya kukataza isikatwe. Katika hali hiyo ruta huitupa pakiti na kumrudishia mtumaji taarifa inayotaja ukubwa unaopita, kwa ICMP, lugha ya taarifa za mtandao ambayo ping nayo huitumia. Taarifa hiyo haikufika, na TCP, kwa kukosa risiti, ikawa inarudia kutuma pakiti ile ile isiyopita. Ujumbe mfupi na ping ya kawaida havikaribii ukubwa huo, ndiyo maana vilipita.

Nilithibitisha kwa ping yenye katazo hilo la kukatwa. Data ya baiti 1464, ambayo pamoja na kichwa cha ICMP cha 8 na cha IP cha 20 inatimia 1492, ilijibiwa. Nilipoongeza baiti moja tu, kimya.

Aliyeizuia taarifa ya ICMP ni mimi. Nilipoifunga ruta ile nilizuia ICMP yote isipokuwa ping, nikidhani ninaimarisha usalama, kosa ambalo bado ninaliona katika ruta za wenzangu wengi. Niliondoa katazo hilo, kisha nikaiagiza ruta kupunguza kipande cha TCP kisizidi baiti 1452, ili kompyuta za ofisi zisianze na ukubwa usiopita. Picha zikaondoka. Karani akauliza nimebadilisha kebo ipi. Nikamweleza kosa langu, na siku hiyo sikuandika ankara.