Kuongeza RAM Kwenye Amiga 500 Si Kuongeza Kasi

Wiki hii ni mara ya tatu. Jumamosi asubuhi, kabla sijamaliza kufungua madirisha ya karakana hapa juu karibu na soko la Kibuye, Kisumu, kijana mmoja alipanda ngazi na kompyuta ya Amiga 500 kwapani, imefungwa kwa leso ya mamake. Alinisalimia vizuri, akaketi, kisha akalitoa lile neno: "Fundi, niliiongezea RAM na bado inajikokota. Niliuziwa RAM bandia?"

RAM yenyewe, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilikuwa nzima. Ilikuwa imeketi barabara na mashine iliiona yote. Kilichokuwa na kasoro ni imani aliyokuja nayo, na imani hiyo imenichosha: kwamba RAM ni kama mafuta, ukijaza zaidi gari litakimbia zaidi. Hata gari halifanyi hivyo!

Amiga 500 ilitoka 1987 ikiwa na kilobaiti 512 za RAM na prosesa ya Motorola 68000. Kwa mashine za PAL (mfumo wa televisheni wa Ulaya), ambazo ndizo zilizoletwa kwetu kutoka Uingereza, prosesa hiyo inakwenda megahezi 7.09. Ongeza kilobaiti 512, ongeza megabaiti 8, itabaki megahezi 7.09. Hilo sitalirudia. Kinachonifanya niandike ni swali ambalo karibu hakuna mteja anayeniuliza: hiyo RAM unaiweka upande gani?

Kama umewahi kupanga foleni ya feri pale Luanda Kotieno ukielekea Mbita, utanielewa upesi. Chukulia prosesa ni mfanyabiashara anayeishi Luanda Kotieno, na ghala lake liko ng'ambo, Mbita. Ghala hilo ndilo RAM ya chipu, ile ambayo chipu za picha na sauti nazo zinaitumia. Akihitaji hata msumari mmoja sharti avuke, na feri ni moja. Mwenye feri ni chipu iitwayo Agnus, naye ana abiria anaowapandisha kwanza: picha ya skrini, sauti na flopi. Ana sababu. Skrini inachorwa upya mara 50 kwa sekunde, na data ya picha ikichelewa, picha inaharibika mbele ya macho yako. Kwa hiyo mfanyabiashara wetu anapanda nafasi ikibaki.

Sasa huyu kijana amenunua kadi ya kilobaiti 512, ile inayochomekwa kwenye kijimlango cha tumboni. Amefanya nini? Amejenga ghala la pili kulekule Mbita. Nafasi imeongezeka, lakini feri ni ileile na foleni ni ileile. Tena chipu za picha na sauti haziruhusiwi kuweka chochote katika ghala hilo jipya. Prosesa anasubiri foleni, na picha haina faida. Ndiyo maana sisi tunaozifungua mashine hizi tunaiita RAM ya polepole. Jina hilo halimo kwenye boksi.

RAM ya kasi ni ghala la upande huu wa maji. Inachomekwa ubavuni kushoto, kwenye kiunganishi cha pini 86, au inakaa kwenye soketi ya prosesa. Inaweza kufika megabaiti 8. Prosesa anaingia na kutoka bila kumwomba Agnus ruhusa.

Na hapa ndipo ninapokasirika kwelikweli, kwa sababu mashine yenyewe inasaidia kupotosha watu. Ukiandika amri ya Avail, Amiga inakuonyesha kumbukumbu kwa safu mbili, "chip" na "fast". Chini yake ni jumla tu; safu ya RAM ya polepole haipo. RAM ya polepole inaingizwa kwenye safu ya "fast", kwa kuwa mfumo unajali jambo moja tu: kwamba chipu za picha haziwezi kuitumia. Mtu anaona neno hilo kwenye skrini, anapiga picha, anaiweka kwenye tangazo la kuuza kadi, na mwingine anatuma pesa. Ukitaka ukweli, acha jina, tazama anwani. Fungua programu ya SysInfo, nenda kwenye ukurasa wa kumbukumbu, soma RAM inaanzia wapi. Ikianza C00000, ni ya polepole, hata tangazo liapishwe. Ya kasi inayochomekwa ubavuni huanza 200000.

Kijana hakunisadiki, na sikumlaumu. Nilimpa saa yangu aishike. Nina programu ndogo ya kuhesabu kutoka 0 hadi 1,000,000 kisha inalia. Tukafungua skrini ya nukta 640 kwa mlalo na rangi 16, tukaiendesha ndani ya RAM yake ya polepole. Ilijikokota. Nikachomeka kadi yangu ya RAM ya kasi ubavuni, tukarudia, ikamaliza upesi hata akaitazama saa mara mbili. Uso wake ukang'aa. Nikamwambia ngoja. Nikapunguza rangi za skrini kutoka 16 hadi 4, tukarudia zote mbili. Zilimaliza karibu pamoja.

"Sasa hiyo RAM ya kasi ina faida gani?" akauliza. Hilo ndilo swali ninalolipenda.

Prosesa ya 68000 haiigusi kumbukumbu kila wakati. Inaigusa mara moja katika midundo minne ya saa yake, hata ikiharakisha vipi. Waliobuni Amiga walilijua hilo, wakagawa zamu: zamu hii ya chipu, zamu ile ya prosesa. Ukiwa na nukta 320 na rangi 16, au nukta 640 na rangi 4, picha inatosheka na zamu zake na hakuna anayemzuia mwenzake. RAM ya kasi hapo inakupa kidogo sana. Ukipita kiwango hicho, picha inaanza kula zamu za prosesa. Kwenye nukta 640 na rangi 16, wakati mstari unachorwa, prosesa habakiziwi zamu hata moja. Anafanya kazi pembeni mwa picha na pale mwale unaochora skrini unaporudi juu kuanza upya. Ghala la upande huu linamwokoa hapo, na pia pale chipu ya kuhamisha picha inapokuwa na kazi nyingi. Kwa hiyo anayesema RAM ya kasi daima inaongeza kasi amekosea pia, ingawa amekosea kidogo.

Gemu ni habari fupi. Nyingi za miaka ile zinasubiri mwale wa skrini kabla ya kila hatua, kwa hiyo zinakwenda kwa fremu zilezile hata uweke megabaiti 8. Zinazohitaji megabaiti 1 zinaihitaji ili ziingie, hazikimbii zaidi. Zipo pia zinazokwama zikikuta RAM zisiyoitarajia.

Wengine wakisikia haya wanakimbilia Gotek, ile inayosoma fleshi badala ya flopi, wakidhani sasa kila kitu kitafunguka papo hapo. Gotek ni chombo kizuri, ninazo mbili, lakini inaiga flopi hadi mwendo wake. Flopi ya Amiga inazunguka mara 5 kwa sekunde, na kila mzunguko unabeba baiti 5,632. Njia za data kwenye diski ziko 160. Fanya hesabu: diski nzima ya kilobaiti 880 haiwezi kusomwa chini ya sekunde 32, na Gotek inafuata hesabu ileile.

RAM inakupunguzia kungoja hapo. Nakili faili zako kutoka flopi hadi kwenye diski ya RAM, yaani sehemu ya RAM inayotumika kama diski, mara moja, asubuhi, kisha usiguse flopi tena. Kwa kazi hiyo hata RAM ya polepole inafaa kabisa, kwa sababu foleni ya feri ni nafuu mbali kuliko kusubiri flopi.

Baada ya haya yote nikamuuliza swali nililopaswa kuanza nalo: unataka mashine hii ikufanyie nini? Akasema anachora. Anakwenda Dunga na daftari, anachora mitumbwi kwa penseli, kisha nyumbani anaichora upya kwa programu ya Deluxe Paint. Akaongeza, kama jambo dogo, kwamba ukurasa mkubwa unamkatalia. Programu inasema kumbukumbu haitoshi, ilhali Avail inaonyesha zaidi ya nusu iko wazi.

Basi tatizo lake halikuwa kasi hata kidogo! Ukurasa wa nukta 640 kwa 512 kwa rangi 16 unakula baiti 163,840. Ukiweka ukurasa, nakala ya kurudishia kosa na ukurasa wa akiba, unafika 491,520, na RAM yote ya chipu aliyo nayo ni 524,288. Mfumo wenyewe ukae wapi? Ile nusu iliyo wazi ni RAM ya polepole, na picha haikai humo.

Niliifungua mashine. Bodi yake ni toleo la 6A na Agnus yake ni 8372A, kwa hiyo kadi ileile ya tumboni inaweza kugeuzwa iwe RAM ya chipu: unahamisha jampa (kiungo kidogo cha bodi) JP2, unakata JP7A. Kasi haipungui, maana foleni ilikuwa ileile tangu mwanzo. Lakini baadhi ya gemu na demo za zamani zinataka RAM ya polepole iwe mahali pake, kwa hiyo huwa naweka swichi ndogo badala ya kukata moja kwa moja.

Kabla ya hapo ilibidi nifungue kile kifuniko cha bati cha kadi, na nawasihi mfungue chenu leo. Ndani mna betri ya nikeli-kadmiamu ya volti 3.6 kwa ajili ya saa. Yake ilikuwa imevuja: unga wa kijani na buluu kama kutu ya sufuria ya shaba, umetambaa kutoka mguu wa betri hadi pini za kiunganishi. Niliing'oa betri, nikasugua kwa siki na mswaki, nikasuuza, nikamalizia na spiriti. Njia mbili za shaba kwenye bodi zilikuwa zimeliwa na ilibidi nizirukishie waya. Saa isiyokumbuka tarehe haimuui mtu.

Kuhusu pawa saplai: ya asili inatoa ampea 4.3 kwenye volti 5, na kila unachochomeka kinachota hapo. Usipime kwenye plagi ikiwa haina mzigo. Pima kwenye waya za umeme za flopi, mashine ikiwa imewaka na kila kitu kimechomekwa. Ukiona chini ya 4.75, acha kuchomeka. Skrini ya kijani wakati wa kuwaka ni RAM ya chipu inayolalamika, na mara kadhaa nimekuta chanzo ni umeme dhaifu.

Nina mashaka yangu pia. Vitabu vinasema badilisha kapasita zote za mashine ya umri huu. Mimi kwa A500 mara nyingi siziondoi zikiwa hazijavuja na picha ni safi, kwa sababu nimeona bodi nyingi zaidi zilizoharibiwa na chuma cha kulehemu kuliko na kapasita, na bado kila ninapoirudishia kifuniko bila kuzibadilisha roho haitulii. Na PiStorm, ile inayokaa kwenye soketi ya prosesa na kuiachia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kazi yote ya prosesa, inamaliza mjadala wa kasi kabisa. Nimeziweka kwa wateja. Sijaweka kwenye yangu, na nikiulizwa kama iliyobaki ni Amiga, jibu langu hubadilika kulingana na siku.

Kijana alirudi jana jioni. Tulisukuma swichi, tukawasha, Avail ikaonyesha megabaiti nzima upande wa "chip" na sifuri upande wa pili. Nilimwonya kwamba kwenye ukurasa huo brashi itamfuata mkono kwa kuchelewa. Akasema haina neno, penseli nayo si ya haraka. Ukurasa wa 640 kwa 512 ukafunguka bila kukataa, akaanza na tanga.