Baridi ya mlima haiokoi nyama ya elki

Jumatatu iliyopita mteja aliweka paja la elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, juu ya meza yangu, likiwa ndani ya mfuko safi wa kitambaa, na kabla sijauliza lolote akaniambia kauli ninayoisikia kila Oktoba: usiku maji yaliganda, kwa hiyo nyama haiwezi kuwa imeharibika. Kwa nje paja lilikuwa jekundu na kavu. Nilipolipasua hadi kwenye nyonga, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapoingia katika tundu lake, nyama iliyouzunguka mfupa ilikuwa ya kijivu kinachoelekea kijani, inateleza, na harufu yake ilimrudisha nyuma hatua moja. Alikuwa amezunguka milimani siku sita, mara yake ya kwanza kuwinda bila kiongozi, na ilitubidi kutupa sehemu kubwa ya mapaja yote mawili. Usiku ule mnyama alilala na ngozi yake, naye akaenda kulala hemani akiwa na amani.

Nina bucha hapa Colorado, na kila msimu ninawinda katika misitu ya taifa, ambako mtu yeyote mwenye kibali halali anaruhusiwa kuwinda. Waswahili wenzangu walioko Marekani wameanza kuniuliza jinsi ya kujiandaa, na karibu wote huanza na bunduki. Ninawaomba waanze na joto.

Elki dume aliyekomaa hufikia kilo 300 na zaidi, uzito unaomzidi tandala mkubwa dume wa kawaida. Anapoanguka, mwili wake una joto la takriban nyuzi 38, na manyoya yale yale yaliyomkinga na baridi akiwa hai yanaendelea kuikinga nyama na baridi akiwa mzoga. Paja ni nene kiasi kwamba tabaka la juu linaweza kuganda huku nyama iliyo mfupani ikibaki na uvuguvugu unaotosha bakteria kuzaliana usiku kucha. Theluji nayo huwadanganya watu, kwa maana upande ambao mnyama ameulalia haupitishi hewa, na mara nyingi ndio unaotangulia kuchacha. Kinachopoza nyama ni kuondoa ngozi, kutenganisha vipande na kuacha hewa ipite pande zote. Baridi husaidia baada ya hayo kufanyika, si badala yake.

Kwa hiyo chuna mara moja, hata kama giza limeingia na mikono inatetemeka. Si lazima kufungua tumbo: chuna upande wa juu, toa mguu wa mbele, paja, sarara ya mgongoni na nyama ya shingo, kisha mgeuze mnyama urudie, na sarara za ndani zitoe mwisho kwa kupitisha mkono nyuma ya ubavu wa mwisho. Uthibitisho wa jinsia, yaani kiungo kinachoonyesha kama ni dume au jike, uache umeshikamana na kipande kimojawapo, kwa sababu sheria ya Colorado inadai hivyo. Vipande vitie katika mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, uvining'inize kivulini bila kugusana. Usitumie plastiki kabisa. Usiku hewa baridi huteremka na kutuama bondeni, kwa hiyo mti ulio karibu na kijito ni bora kuliko mti ulio kileleni, ingawa watu wengi hudhani kinyume chake.

Kuhusu kutoa mifupa palepale, nimebadili msimamo zaidi ya mara moja. Nyama isiyo na mfupa hupoa haraka na mzigo hupungua, lakini misuli iliyokatwa ikiwa bado ya moto hujikunja na kuwa migumu, na kila mkato ni mlango mpya wa uchafu. Siku hizi, kukiwa na joto ninatoa mfupa wa paja. Kukiwa na baridi ninauacha, lakini ninapasua nyama kuufuata hadi kwenye nyonga ili mvuke utoke.

Jambo la pili ni umbali, na hapa watu hawapigi hesabu. Mnyama mmoja kwa mtu mmoja ni safari tano za mzigo, hata zaidi kwa dume mkubwa. Ukimwangusha kilomita 4 kutoka kwenye gari, utatembea kilomita 20 ukiwa na mzigo na 16 za kurudi kuufuata uliobaki, jumla 36, kwenye miteremko iliyo mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Hizo ni siku mbili kwa mtu mwenye nguvu, na katika Septemba mchana bado kuna joto na nzi. Mwaka wako wa kwanza, chora kwenye ramani mstari usiozidi kilomita 2 kutoka barabarani, na elki utakayemwona ng'ambo ya mstari huo mwache aende.

Mengine yanasomeka kwenye kijitabu cha kanuni: maombi ya vibali vya bahati nasibu hufungwa mapema Aprili, aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1949 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji, na mwenye bunduki lazima avae rangi ya chungwa au ya waridi inayong'aa, pamoja na kofia ya rangi hiyo.

Lipo swali moja ambalo bado linaninyima usingizi. Mshale ukimpata elki tumboni, tunafundishwa kusubiri saa sita au zaidi kabla ya kumfuata, kwa sababu ukimharakisha ataondoka na hutamwona tena. Likitokea hilo jioni ya Septemba yenye joto, kusubiri hadi alfajiri ni kukubali kwamba huenda utakuta nyama iliyochacha, na kumfuata gizani ni kuhatarisha kumpoteza kabisa na kumwacha ateseke. Nimefanya yote mawili, na mara zote mbili nimerudi na nyama pungufu. Tangu hapo, jua likishagusa ukingo wa mlima na jioni ikiwa bado na joto, ninaurudisha mshale kwenye podo.