Kumpeleka mtoto kwa bibi yake Amu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Watu hujiandaa kidogo wanapokwenda kwa jamaa. "Tunakwenda kwetu," husema mama anayeishi Nairobi, naye anampeleka mwanawe wa miaka miwili Amu, yaani Lamu, kwa mara ya kwanza. Kwa mama ni kwao kweli. Mtoto hapajui, na mwili wake pia haupajui. Dhana nyingi hatari huanzia hapo.

"Babu zake ni wa Pwani, malaria haitamsumbua." Hii ndiyo inayodhuru kuliko zote. Kinga inayomfanya mtu mzima wa Pwani augue kwa wepesi huja kwa kuambukizwa mara kwa mara miaka nenda miaka rudi, na hupungua mtu akihama. Mtoto aliyelelewa Nairobi hanayo. Mama naye, ikiwa ameishi bara muda mrefu, asiitegemee ya utotoni. Beba chandarua chenye dawa, na kamba ya kukitundikia. Kiinue mbele ya taa utazame matundu, kisha kichomeke chini ya godoro pande zote. Mbu wa malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, kwa hiyo magharibi watu wakikaa barazani mtoto awe na suruali na mikono mirefu. Dawa ya kufukuza mbu apakwe na mtu mzima, isifike viganjani, machoni wala mdomoni.

Homa ya malaria huanza mapema zaidi wiki moja hivi baada ya kuumwa, mara nyingi mmesharudi bara na safari imesahaulika. Mtoto akipata homa ndani ya miezi mitatu, mpeleke siku hiyo hiyo, mwambie daktari mlikuwa Pwani, na apimwe damu. Usimpe vidonge vilivyobaki kwa mtu mwingine.

Tena, mbu wa mchana yupo. Mwaka 2004 Amu ilipata mlipuko mkubwa wa chikungunya, homa ya virusi inayoumiza viungo, na mbu anayeieneza huzaa kwenye maji masafi: birika (tangi la maji lililojengwa nyumbani), mitungi, ndoo. Baadhi ya nyumba za zamani huweka samaki wadogo ndani ya birika wale viluwiluwi vya mbu, na ni desturi nzuri sana, lakini mtungi ulio kando hauna samaki. Funika vyombo vyote, na mtoto akilala adhuhuri chandarua kishushwe.

"Amu hakuna magari, mwache acheze." Magari ni machache mno, kweli. Lakini kuna punda, na mtoto mdogo hupenda kuwajia kwa nyuma, ambako ndiko mateke yaliko. Kuna ukingo wa gati, na bahari iko chini yake. Hatari kubwa zaidi imo ndani ya nyumba: ngazi za mawe zilizosimama wima zenye vidato visivyolingana, darini penye ukuta mfupi, na birika. Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito kwa mwili wake. Akiinama kwenye ndoo yenye maji ya kina cha kiganja anaweza kutumbukia ashindwe kujiinua, na hazami kwa kelele.

Saa ya kwanza mkifika, kabla ya mahamri na chai, piga magoti upite vyumbani ukitazama kwa kimo chake. Omba mlango wa ngazi ufungwe. Ulizia mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda. Akiyanywa usimtapishe, maana yakipanda yanaweza kuingia mapafuni. Usimpe maziwa, mpeleke hospitali moja kwa moja. Na nyumba yenye watu kumi isikutulize: kila mmoja hudhani mwenzake anamwangalia. Mkabidhi mtu mmoja kwa jina: "Mama mdogo, mtoto yuko kwako mpaka nitoke kuoga."

"Mokowe hadi Amu ni hapa tu." Mokowe ndiko gati la bara mnakopandia boti, na mkondo haujali umbali. Jaketi la kuokoa maisha liwe la kimo chake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Lijaribu: mfungie, kisha uliinue kwa mabegani, likipanda hadi masikioni, majini litamvuka kichwani. La mtu mzima halimfai. Usimfunge mgongoni kwa leso mkiwa botini, kwani mkianguka hutamwona wala hutamfungua haraka. Mpakate kifuani, naye amevaa jaketi lake. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, vukeni asubuhi.

"Mpe dawa ya mafua alale njiani." Hapana. Dawa zenye promethazini zinaweza kuzuia pumzi ya mtoto aliye chini ya miaka miwili, na watoto wengine wakipewa dawa za aina hii huchachamaa badala ya kulala. Kumnyima chakula ili asitapike nako hakusaidii. Mpe kidogo kidogo vikavu kama mkate, maji kwa funda, na anayenyonya anyonye. Kwenye basi mlipie kiti chake kama unaweza. Mkanda mmoja usiwafunge wawili, kwani breki ikishikwa ghafla uzito wako ndio utakaombana.

"Akiharisha, dafu latosha." Dafu lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, ilhali kuhara huondoa chumvi. Tumia ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Soma pakiti, kwani nyingine ni ya nusu lita na nyingine ya lita nzima. Maji yakipungua, chumvi inazidi na kumdhuru. Chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi uendelee polepole zaidi. Zinki miligramu 20 kila siku, kwa siku 10 hadi 14. Chakula na maziwa ya mama visikatwe.

Macho yakibonyea, akilegea, akitapika kila kitu au kukiwa na damu kwenye choo, asingoje kukuche. Hospitali ya King Fahad iko Amu mjini. Mkifikia nje ya mji, kama kisiwa cha Pate au kijiji cha Matondoni, siku ile ile ya kufika mwombe mwenyeji namba ya nahodha anayekubali kutoka usiku.