Kurudisha kifuniko kwenye sindano ya insulini hakutoshi jamani

Watu wengi wenye sukari wanaamini ukishajidunga insulini, ukarudisha kifuniko kwenye sindano na kuitupia kwenye mfuko wa taka basi umemaliza. Hapana. Kile kifuniko kinachomoka kirahisi tu, mfuko ukibanwa kwenye mkokoteni ncha inatokeza, na anayeubeba ni kijana wa taka asiye na glavu, au mtoto anayeokota chupa dampo. Na msidhani damu iliyobaki kwenye sindano ikikauka ndo basi, kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi.

Wengine nao wanasema bila lile boksi la njano la hospitali la kutupia sindano huwezi, na hela ya kununua hawana, ndo wanaishia kutupa hovyo. Boksi si lazima! Chukua chupa ya Jik iliyoisha au kidumu, ile plastiki ngumu yenye mfuniko wa kuzungusha, andika kwa maka peni SINDANO, HATARI, weka juu watoto wasifikie. Ukishajidunga unaidumbukiza hapohapo, usiikunje. Chupa ya maji ya kunywa haifai, laini mno, inatoboka. Ikifika robo tatu funga, zungushia selotepu, peleka kwenye kliniki yako ya sukari au kituo cha afya, maana vingi vina kichomea taka chao, ila waulize kwanza kama wanapokea. Chooni msitupe, vyoo vinakuja kunyonywa na watu (hilo tunalisahau sana).