Bangi: tunachokiona wodini, na swali la kuhalalisha

Ujerumani iliporuhusu bangi tarehe 1 Aprili 2024, na mwezi uliofuata Rais wa Afrika Kusini akasaini sheria ya nchi yake, maswali yalianza kutufikia hata sisi wa kliniki za afya ya akili. Vijana wanauliza kwa kujiamini: kama wenzetu wameihalalisha, kwa nini hapa Tanzania mtu akamatwe kwa msokoto mmoja? Wazazi wanauliza kwa wasiwasi: ina maana kumbe haina madhara?

Hayo ni maswali mawili tofauti, na kuyachanganya kunatupotosha. Nchi inaweza kuruhusu kitu kinachoumiza watu, kama ilivyo kwa pombe na sigara. Inaweza pia kukataza kitu kwa adhabu ambayo haimsaidii aliyekwisha kuumia. Kwa hiyo nianze na mwili na akili ya mvutaji, halafu nije kwenye sheria.

Mmea wa bangi una kemikali zaidi ya 100 za jamii ya kanabinoidi. Inayolevya hasa ni THC, ambayo wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga na kuieleza huko Israeli mwaka 1964. Nyingine inayojulikana sana ni CBD, ambayo hailevyi. Ubongo wa binadamu hutengeneza wenyewe kemikali zinazofanya kazi kwa njia inayofanana na THC, na una vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazozipokea, vingi vikiwa kwenye sehemu za kumbukumbu, za kupanga na kuamua mambo, na za kuratibu mwendo wa mwili. THC ikiingia inavikalia vipokezi hivyo kwa nguvu kuliko kemikali za asili. Ndiyo maana aliyevuta anacheka bila sababu, anasahau sentensi aliyoianza, anaona dakika tano kama nusu saa, anasikia njaa, macho yanakuwa mekundu na moyo unakwenda mbio.

Vipokezi hivyo ni vichache kwenye sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Kwa sababu hiyo ni nadra sana mtu mzima kufa kwa kuzidisha bangi peke yake, tofauti kabisa na heroini. Nalisema hili waziwazi kwa sababu kijana aliyeambiwa kwamba bangi itamuua, akienda kijiweni na kuona wenzake wanavuta na kesho yake wako hai, ataacha kuamini na yale mengine ya kweli tunayomwambia.

Jambo moja limebadilika bila watu wengi kulitambua. Sampuli za bangi zilizopimwa Marekani katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa na THC ya takriban asilimia 4. Miaka ya karibuni wastani umefika kama asilimia 15. Huku kwetu nako imeingia skanka, ambayo ni bangi yenye THC nyingi kuliko ile ya kawaida ya mashambani. Mzee anayesema "sisi tulivuta ujanani na hatukuchizika" anazungumzia kitu chepesi kuliko anachopewa mjukuu wake leo.

Halafu kuna biskuti na keki. Anayevuta hupata stimu ndani ya dakika chache, kwa hiyo anajua pa kuishia. Anayekula husubiri kuanzia nusu saa hadi saa mbili. Kinachotokea mara nyingi ni hiki: anakula kipande, haoni kitu, anadhani ameuziwa feki, anaongeza cha pili na cha tatu. Vyote vinakuja kufanya kazi kwa pamoja. Analetwa akitetemeka, ameshika kifua, ana uhakika kwamba anakufa. Mtoto mdogo aliyeokota biskuti hiyo mezani hali yake ni mbaya zaidi, maana analala usingizi usioamshika na anaweza kuhitaji kusaidiwa kupumua. Kanada iliruhusu bangi mwaka 2018, na majimbo yaliyoruhusu pia vyakula vyenye bangi yalishuhudia ongezeko kubwa zaidi la watoto wadogo kulazwa kwa sumu yake.

Kinachotuumiza zaidi wodini ni vijana. Ubongo wa binadamu huendelea kujijenga hadi kufikia takriban miaka 25, na sehemu inayokamilika mwisho ndiyo ile ya kupima matokeo na kujizuia. Simulizi za akina mama wanaotuletea watoto zinafanana sana. Kijana alikuwa kidato cha tatu, mpole, anafanya vizuri. Akaanza kuchelewa kurudi, maksi zikashuka, akawa wa kujifungia chumbani. Kisha siku tatu hajalala. Ameziba dirisha kwa shuka kwa sababu majirani wanamchungulia. Anajibu redio kana kwamba mtangazaji anamsema yeye. Hataki chakula cha mama yake, anadai kimetiwa sumu. Anapotufikia ameshapitishwa kwa mganga, ameshaombewa, na mara nyingine mikono ina alama za kamba alizofungwa ili asikimbie. Miezi imepita. Kila mwezi unaopita bila matibabu unafanya kazi ya kumrudisha iwe ngumu zaidi.

Hapo familia hutaka jibu moja: ni bangi au si bangi? Nawaomba wazazi wanielewe. Si kila aliyechanganyikiwa amevuta. Malaria kali, maambukizi ya ubongo, jeraha la kichwa, VVU, hata kukosa usingizi kwa muda mrefu vinaweza kumfanya mtu aone na kusikia visivyokuwepo. Nimeona vijana waliochapwa fimbo na ndugu zao wenyewe ili "waache bangi", kumbe ni wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu unaomfanya mtu asikie na kuamini yasiyokuwepo, na bangi hawajawahi kuigusa. Mtaani bangi imekuwa maelezo ya haraka ya kila ugonjwa wa akili, na maelezo hayo yanachelewesha watu hospitali kama yanavyowachelewesha yale ya kulogwa.

Lakini uhusiano upo, na umefuatiliwa kwa muda mrefu. Nchini Uswidi vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini walifuatiliwa kwa miaka 15, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 kabla ya kuandikishwa walipata skizofrenia takriban mara 6 zaidi ya wasiovuta. Mwaka 2019 utafiti uliofanyika katika miji kadhaa ya Ulaya na Brazili ulionyesha kwamba wanaovuta kila siku bangi yenye THC nyingi wana hatari karibu mara 5 ya kupata saikosisi, yaani ile hali ya kupoteza mguso na uhalisia, wakilinganishwa na wasiovuta kabisa. Wengi wa wavutaji hawaugui, hilo ni kweli. Hatari inamwelemea zaidi aliyeanza mapema, anayevuta kila siku, na mwenye mzazi au ndugu aliyewahi kuugua akili. Shida ni kwamba hakuna kipimo cha damu cha kumwambia kijana wa miaka 15 kwamba yeye yuko kundi gani.

Waliopata saikosisi kwa bangi wakiiacha, wengi hutulia ndani ya siku au wiki chache. Familia hufurahi, hukatisha kliniki, na kijana hurudi kijiweni. Hilo ndilo kosa ninalolisikitikia kuliko mengine, kwa sababu tafiti zikijumlishwa, takriban mtu 1 kati ya 3 waliopata saikosisi iliyoletwa na bangi huja kugundulika baadaye kuwa na skizofrenia. Kuhudhuria kliniki baada ya kupona ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Kuhusu uraibu, wapo wanaosema bangi haina arosto, yaani mateso ya mwili yanayomkuta mraibu anapoacha. Inayo. Anayeiacha baada ya kuvuta kila siku hukosa usingizi, hukasirika ovyo, hutokwa jasho, hukosa hamu ya kula na huota ndoto nzito. Dalili huanza siku ya kwanza au ya pili, na nyingi huisha ndani ya wiki mbili. Inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 10 wanaoijaribu huwa mraibu, na kwa wanaoanza wakiwa na umri wa kubalehe ni 1 kati ya 6. Kwa heroini tunayo methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Kwa bangi hakuna dawa ya namna hiyo. Tiba yake ni ushauri nasaha, familia kushirikishwa, na kumpa kijana kitu cha kufanya na siku yake.

Mengine niyataje kwa ufupi. Moshi wake huleta kikohozi sugu chenye makohozi, na kupokezana msokoto kwenye chumba kilichofungwa ni njia nzuri ya kuambukizana kifua kikuu. Mjamzito anayevuta anajiweka katika hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, na THC hupita kwenye maziwa ya mama. Dereva aliyevuta huchelewa kuamua, na kwa bodaboda kuchelewa kidogo tu kunatosha kuua abiria.

Na dawa je? Ndiyo, mmea huu umetoa dawa. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji iliyotengenezwa kwa CBD iliyosafishwa, kwa ajili ya aina mbili za kifafa kikali cha utotoni. Zipo pia dawa za kupunguza kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani wanaopata tiba ya kemikali. Hizo zina kipimo kinachojulikana, zimejaribiwa, na daktari anajua madhara yake. Mofini nayo imetokana na afyuni, lakini hakuna daktari anayemwandikia mgonjwa afyuni akavute. Mzazi anayemchemshia mtoto wa kifafa majani ya bangi anampa THC asiyoijua kiwango, na akiacha dawa za hospitali anahatarisha uhai wa mtoto huyo.

Sasa tuje kwenye sheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha, kuuza na kutumia bangi. Wanaotaka ibadilishwe hutaja Umoja wa Mataifa, na ni kweli kwamba tarehe 2 Desemba 2020 Tume yake ya Dawa za Kulevya ilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi kwenye orodha ya dawa zinazobanwa kuliko zote. Kisichosemwa ni kwamba ilibaki kwenye orodha nyingine ya mkataba uleule wa umoja huo wa 1961 kuhusu dawa za kulevya, chini ya udhibiti. Kilichobadilika ni kukubali kwamba ina matumizi ya kitabibu.

Hata hizo nchi za mfano hazikufanya kitu kimoja. Ujerumani iliruhusu mtu mzima kutembea na gramu 25 na kupanda miche mitatu nyumbani, bila maduka ya kawaida ya kuiuza. Afrika Kusini iliruhusu mtu mzima avute na kulima faraghani, lakini kuuza bado ni kosa. Lesotho, Malawi na Rwanda zimeruhusu kilimo chenye leseni kwa ajili ya dawa. Thailand iliifungulia mwaka 2022, maduka yakatapakaa kila mtaa, na kufikia Juni 2025 serikali ikarudi nyuma na kudai cheti cha daktari.

Msimamo wangu ni kwamba tusihalalishe biashara ya bangi. Sababu ninayoiamini zaidi tuliiona wenyewe kwenye viroba, zile pombe kali za pakiti ndogo. Vilikuwa halali, vina kodi, na vimeandikwa kwamba haviuzwi kwa watoto. Vikauzwa kwa bei ya mwanafunzi, kwenye vibanda vilivyo jirani na shule, hadi serikali ilipovipiga marufuku kuanzia Machi 2017. Biashara ya kilevi haijengwi na mteja anayejaribu mara moja kwa mwaka. Inajengwa na anayetumia kila siku, na huyo ndiye tunayempokea wodini. Najua hoja ya wakulima wa bangi wa Arumeru na Tarime, na umaskini wanaoutaja ni wa kweli. Lakini kilimo cha bangi ya dawa kinataka leseni, maabara na mtaji, na sioni mkulima wa robo eka akivipata mbele ya kampuni kubwa.

Upande wa pili nausema kwa uzito uleule. Kumfunga kijana aliyekutwa na kete moja hakumtibu. Anakwenda mahabusu kukaa na wauzaji, na familia zinazosikia habari yake zinajifunza kumficha mgonjwa. Ureno tangu mwaka 2001 inampeleka anayekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe mbele ya jopo lenye wataalamu wa afya na ustawi wa jamii, badala ya mahakamani, huku muuzaji akiendelea kushtakiwa. Huo ndio mjadala ningependa Bunge letu liufungue, pamoja na bajeti ya kliniki za afya ya akili kwenye hospitali za wilaya.

Kwa aliye na mgonjwa nyumbani leo: usimfunge kamba, usibishane naye kuhusu sauti anazosikia, ondoa visu na mapanga, na mlete hospitali akiwa na mtu anayemwamini. Daktari hatakuuliza ili akupeleke polisi. Atataka kujua mabadiliko yalianza lini, kijana analala saa ngapi, kama aliwahi kuumia kichwa au kuwa na homa kali, nani mwingine katika ukoo aliwahi kuugua akili, dawa gani nyingine anatumia zikiwemo za mganga. Kama alikula kitu, njoo na kilichobaki kwenye pakiti.