Mparachichi nyuma ya nyumba

Mimi ni mpangamiji hapa Mbeya, na nikiingia mtaa mpya siangalii kwanza mabati. Nazunguka nyuma ya nyumba. Nikikuta mahindi na maharage tu, najua mwenyewe bado mguu mmoja uko kwao; akishavuna, kiwanja kiko tayari kuuzwa. Nikikuta mche wa parachichi wa kubebesha (uliounganishwa kikonyo cha mti mwingine) umezungushiwa miiba mbuzi wasiufikie, huyo amekuja kukaa. Mche ule humtaka angoje miaka mitatu hivi ndipo aonje tunda.

Jiji letu lilihesabiwa watu 385,279 mwaka 2012. Mwaka 2022 wakawa 541,603. Huku pembezoni, upande wa Uyole, nakutana sana na watu wa Rungwe, Kyela na Makete. Walianza na chumba cha kupanga Mwanjelwa, wakadunduliza, wakanunua kiwanja.

Sisi wa ardhi tumezoea kuamini kwamba hati ndiyo inayomfunga mtu. Hati ni kitu kikubwa, ya miaka 33, 66 au 99, na benki inaipokea. Lakini nimeona viwanja vyenye hati vikigeuka vichaka, na watu wasio na bikoni hata moja, yale mawe ya mpaka wa kiwanja kilichopimwa, hawang'oki. Nionavyo, shule ina nguvu kuliko hati. Mtoto wa darasa la kwanza akilazimika kuvuka barabara kuu ya Zambia katikati ya malori, mzazi humrudisha kwa bibi kijijini. Mama naye humfuata. Baba anabaki na pagala. Ndiyo maana naumia sana nikikuta eneo la shule limekatwa viwanja vya kuuza.

Maji nayo vilevile, hilo halihitaji maelezo.

Kuna baba mmoja wa Makete ambaye kwa miaka alichangia chama cha kuzikana cha watu wa kwao tu. Alipofiwa na mkewe, majirani wa mtaa mpya ndio waliofunga turubai, wakaleta kuni na unga, wakalala naye nje kwenye baridi ya Julai. Matanga yalipokwisha akajiandikisha chama cha mtaa. Mwaka uliofuata akapiga plasta.

Nilipompitia, aliniuliza makaburi ya mtaa yametengewa eneo gani. Nikatazama mchoro. Hatukuwa tumeyatengea. Sasa kwenye kikao cha kila mchoro mpya, hilo nauliza kabla ya upana wa barabara.