Friji wazi haipozi chumba

Kila joto la kaskazi likishika Mombasa, ujumbe ule hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp: usiku funga madirisha, acha mlango wa friji wazi, chumba kitapoa kama chenye kiyoyozi.

Hakitapoa. Kitazidi joto.

Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto. Ndani ya mabomba yake kiowevu hugeuka mvuke, na kugeuka huko hudai joto (wanakemia huita ongezeko la enthalpi), linalochukuliwa kwenye chakula. Kompresa, yaani pampu ya friji, huubana mvuke, ukarudi kuwa kiowevu nyuma ya friji, na joto likamwagika humo humo chumbani. Tena joto haliendi lenyewe kutoka penye baridi hadi penye moto, maana entropia ya jumla (kipimo cha jinsi nishati ilivyotawanyika) ingepungua, na hiyo haipungui kamwe. Lazima umeme ulisukume, na umeme wenyewe huishia kuwa joto. Friji ikichota jouli 300 za joto (jouli ni kipimo cha nishati) kwa jouli 100 za umeme, nyuma zitatoka 400.

Hebu shika mgongo wa friji yako uone ulivyo moto. Au tundika kipimajoto ukuta wa mbali, funga chumba, acha friji wazi, usome tena baada ya saa mbili.

Najua kinachowachanganya watu: ule ubaridi unaokupiga miguuni ukifungua mlango ni wa kweli. Na kiyoyozi hufanya kazi vivyo hivyo, ila nusu yake ya moto imetundikwa nje ya ukuta.

Tafadhali, ukiupata ujumbe huo usiusambaze. Kompresa itanguruma usiku kucha, tokeni za umeme ziishe, na samaki waharibike.